Pafukapo Moshi: Nani Alishika Kalenda ya Moto Morogoro?

Ukifika Turiani mwezi wa Agosti utaikuta mitiki ya Mtibwa imebaki mifupa. Majani yake, mapana kama masinia, yamelala chini makavu na yanalia chini ya kiatu. Kwenye mashamba ya jirani miwa huchomwa kabla ya kukatwa, na masizi yake hutua kwenye nguo zilizoanikwa. Usiku, mabegani mwa milima ya Nguru, huonekana mistari myekundu ikipanda taratibu. Hapo ndipo utasikia hukumu ile ile ya kila kiangazi: wanakijiji wanaunguza milima kwa kutojua.

Hukumu hiyo ni kongwe kuliko wanaoitamka, na iliwahi kuleta maafa. Shahidi wangu ni kitabu cha mwaka 1960 cha Roland Young na Henry Fosbrooke, kilichotolewa Marekani kwa jina la Smoke in the Hills, yaani moshi vilimani. Wanaokitaja hukitafutia siasa za kuelekea uhuru. Mimi nakisoma kama kitabu cha misitu. Tena Fosbrooke hakuwa mpinzani wa serikali ya kikoloni. Alikuwa mwanasosholojia wake, kwa hiyo ushahidi wake unatoka ndani ya nyumba.

Yaliyotangulia yanajulikana. Wajerumani walitunga sheria ya kulinda misitu mwaka 1904 na kuweka mipaka ya hifadhi za milima ya Uluguru, iliyo Morogoro kama Nguru, mwaka 1909. Waingereza wakarithi mipaka hiyo, pamoja na imani kwamba mtu wa mlimani ni adui wa mti.

Imani hiyo ilipata meno mwaka 1950, ulipoanza mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru. Wakulima waliamriwa kuchimba matuta ya ngazi. Wakakatazwa kulima kando ya mito, na wakakatazwa kuchoma majani shambani, kwani yalitakiwa kulazwa kwenye kontua yaoze. Aliyekaidi alitozwa faini. Kwenye ramani ya ofisini mpango ulipendeza: udongo ungebaki mlimani, na maji ya Mto Ruvu yangeshuka safi.

Shambani mambo yalikuwa mengine. Udongo wenye rutuba Uluguru ni tabaka jembamba. Ukichimba ngazi unaufukia na kuuinua udongo mfu, kisha unapanda mahindi juu yake. Kazi ya kuchimba ilimaliza siku za kulima. Moto nao ulikuwa na kazi zake: kuua magugu na mbegu zake, kufukuza panya, kuacha jivu linalolisha mmea. Juu ya yote kulikuwa na swali la ardhi. Kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo, na hupitia upande wa mama. Watu wakaulizana: serikali ikishatuchimbisha matuta, shamba litakuwa la nani?

Wapo wanaosema upinzani uliozuka ulichochewa tu na chama cha TANU, kilichokuwa na umri wa mwaka mmoja. Maelezo hayo ni mepesi mno. Mwanasiasa hawezi kuwasha kuni mbichi. Julai 1955, huko Matombo, umati ulikabiliana na maofisa, polisi wakafyatua risasi na mtu akapoteza maisha. Matuta ya lazima yakafia hapo. Mgeta, ambako mboga zilikuwa na soko na ngazi zililipa jasho la mchimbaji, matuta yapo hadi leo. Kumbe mkulima hakukataa hifadhi; alikataa hasara.

Jambo linalonishangaza zaidi ni kwamba wakati huo huo wataalamu wenyewe walikuwa wakikusanya jibu la suala la moto. Karibu na Ndola, katika nchi ambayo leo ni Zambia, vipande vya misitu ya miombo vilikuwa vikichomwa kwa majaribio tangu mwaka 1933, na C. G. Trapnell alichapisha matokeo mwaka 1959. Palipochomwa mwishoni mwa kiangazi, miti ilikufa na nyasi zikatawala. Palipochomwa mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, moto ulipita chini na miombo ikaendelea kusimama. Moto mdogo wa Juni huula mapema moto mkubwa wa Oktoba, kwa kuunyima chakula.

Hapa lazima niwe mkweli kwa upande wa pili. Msitu wa ukungu ulio juu ya Uluguru na Nguru si miombo. Haukuzoea moto wowote, na kila moto unaoupiga ukingoni huurudisha nyuma. Mipaka ya 1909, pamoja na ukali wake, ndiyo iliyobakiza sehemu kubwa ya msitu unaohifadhiwa tangu 2008 kama Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru. Kosa lilikuwa kuifanya milima yote kuwa kitu kimoja, kana kwamba nyasi za chini na msitu wa kileleni vina dawa moja.

Uhuru ulikuta matuta ya lazima yameshaachwa, lakini sheria ya misitu ya kikoloni ya 1957 iliendelea kutumika hadi ilipotungwa ya 2002. Sera ya 1998 ndiyo iliyoanza kumtaja mwanakijiji kama mshirika. Leo juu ya Turiani kuna Hifadhi ya Mkingu, iliyotangazwa mwaka 2016, na anayetaka kuchoma hutakiwa kuwa na kibali.

Nirudi kwenye mitiki. Mwenye shamba la mitiki hufyeka barabara za moto, hupogoa matawi, hukusanya majani na kuyachoma mapema chini ya ulinzi. Kazi hiyo huitwa utaalamu. Mzee wa kijijini akichoma nyasi za mpaka wake Juni ili moto wa Oktoba usimkute, huitwa mharibifu. Tofauti yao ni karatasi. Kwa hiyo anayetoa karatasi hiyo aangalie nyasi kabla ya kuangalia foleni ya maombi, maana kibali cha Juni kikitoka Septemba huwa kinaruhusu moto ule ule ambao kilikusudiwa kuuzuia.