Lipiko

Lipiko (wingi: mapiko) ni kinyago cha mbao cha Wamakonde kinachovaliwa kichwani kama kofia na kuchezwa ngomani, hasa vijana wanapotoka jandoni. Huwakilisha mizimu ya wahenga. Kitovu chake ni uwanda wa Mueda, Msumbiji. Kaskazini mwa Mto Ruvuma, Wamakonde wa Newala hucheza midimu, vinyago vya kufunika uso tu. Wamwera wa Mnero, Nachingwea na Ruangwa ni jirani zao, nao wana jando na unyago.

Uchongaji

Mti wake ni laini na mwepesi, si mpingo, kwa kuwa mchezaji hukibeba huku akiruka. Hukiinamisha nyuma kidogo na kuonea mdomoni, si machoni. Chale huchongwa au hubandikwa kwa nta ya nyuki; utosini hupachikwa nywele halisi za binadamu. Kinyago cha mwanamke mara nyingi huwa na pambo la ndonya kwenye mdomo wa juu. Ni uchongaji wa hali ya juu kabisa.

Mbao laini haiishi miaka mingi mbele ya mchwa na unyevu. Ndiyo maana, ingawa sanamu za watakatifu za karne ya 13 zingali makanisani Ulaya, mapiko yaliyohifadhiwa ni ya mwisho wa karne ya 19 na ya karne ya 20. Kuyapima mapiko kwa umri ni kuyadhulumu.

Wizi wa Dar es Salaam

Januari 1984 wezi walivunja Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, wakaiba vitu 17, kimojawapo lipiko. Septemba 1985 Makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva yalikinunua kinyago hicho Paris. Mwaka 1990 ilibainika kilikotoka, lakini mazungumzo ya kukirudisha yalichukua miaka 20. Tanzania ilikuwa imejiunga na Mkataba wa UNESCO wa 1970 dhidi ya biashara haramu ya mali za kitamaduni tangu 1977. Uswisi ilijiunga 2003 tu, miaka 18 baada ya ununuzi. Mwaka 2006 Tanzania iliifikisha hoja mbele ya kamati ya UNESCO ya urejeshaji. Makubaliano yalitiwa saini Paris tarehe 10 Mei 2010, na kurudi kwake kukaandikwa kuwa ni zawadi. Neno hilo halistahili: mali ya wizi hairudishwi kwa mwenyewe kama zawadi.

Leo

Ngoma ya mapiko ingali ikichezwa. Atokaye Nachingwea akifika Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, aulizie vinyago vya kusini, na mbele ya lipiko aanze kutazama mdomo.