Siasa ya kikabila ya wakoloni (ufuo wa Ruvuma, Ziwa Nyasa)

Siasa ya kikabila ya wakoloni ni utaratibu wa mtawala wa kigeni kuwapanga wenyeji katika makabila yenye mipaka na wakuu wanaotambuliwa na serikali. Mfano ni Chiwanda, kata ya ufuo wa Ziwa Nyasa katika Wilaya ya Nyasa, mkoani Ruvuma. Wanyasa wa ufuo huo wana ndugu Malawi na Msumbiji. Mikataba ya Wajerumani na Wareno (1886) na ya Wajerumani na Waingereza (1890) ndiyo iliyowatenganisha.

Awali mtu alijulikana kwa ukoo, kwa mkuu aliyemfuata au kwa mahali alipokaa. Wapo waliokimbilia milima ya Umatengo kukwepa mashambulizi ya jirani zao Wangoni, na Wangoni wengi wenyewe walikuwa uzao wa mateka. Wajerumani walitawala kwa maakida na majumbe, maofisa wao wa ngazi ya chini. Wakati wa Vita vya Maji Maji waliwanyonga viongozi wa Kingoni, akiwemo Songea Mbano, mwaka 1906. Waingereza waliowafuata ndio waliolikoleza wazo la kabila. Kuanzia 1926 Gavana Donald Cameron alitaka kila kabila liwe na mkuu, baraza na hazina yake. Kodi na kesi zikapitia kwa mkuu huyo, hivyo kuwa na kabila linalotambuliwa kukawa na faida ya wazi. Miaka ya 1950 Wandendeuli walidai kutoka chini ya Wangoni.

Madai hayo hayakuzaa mauaji. Rwanda ilikuwa tofauti, na hapo ndipo ufanano wa siasa hii na chuki dhidi ya Wayahudi huko Ulaya unapotisha. Kitabu cha John Hanning Speke cha 1863 kilieneza dhana kwamba watawala wa eneo la Maziwa Makuu, wakiwemo Watutsi, walitoka Ethiopia. Wabelgiji waliotawala Rwanda waliifanya dhana hiyo kuwa msingi wa utawala, na miaka ya 1930 wakatoa vitambulisho vyenye mstari wa ubwoko, yaani kabila: Hutu, Tutsi, Twa. Ujerumani ya Hitler nayo ilipiga muhuri wa herufi J kwenye pasi za Wayahudi mwaka 1938. Kote kuwili jirani aligeuzwa mgeni wa damu nyingine, mwenye hila ya kutawala. Mwaka 1992 mwanasiasa Léon Mugesera alihutubia akitaka Watutsi warudishwe Ethiopia kupitia Mto Nyabarongo; mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, kitambulisho kilitosha kumuua mtu kwenye vizuizi vya barabarani.

Tanganyika, kwa upande wake, ilifuta mamlaka ya machifu mwaka 1963. Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kumwuliza Mtanzania kabila lake.