Unataka Chatu Mpira Awe Nyoka Wako wa Kwanza? Usidanganywe na Rangi

Mwaka jana cuzo yangu anayeishi Texas alinitumia video kwa WhatsApp. Mtoi wake wa miaka tisa alikuwa amelilia nyoka hadi mzee akachoka, wakaenda maonyesho ya reptilia na wakarudi na chatu mdogo wa manjano, mistari yake myeusi ni myembamba kama imechorwa na biro. Mrembo, manze. Kwa hiyo video nyoka anarukia panya, anakosa. Anajaribu tena, anakosa. Halafu kichwa kinaanza kuzunguka kama skrubu, shingo inapinduka, kidevu kinaangalia dari. Kwa nyuma unamsikia mtoi akiuliza, "Dadi, kwani ni mgonjwa?"

Hakuwa ameambukizwa kitu. Alizaliwa hivyo, na aliyemuuza alijua, kwa sababu hiyo shida inakuja pamoja na ile rangi iliyofanya watoe pesa. Hiyo ndiyo siri ya hii biashara ambayo mnunuzi wa kwanza huambiwa akishafika keja na nyoka wake, kama ataambiwa. So keti, tuongee.

Kwanza, kwa wewe uko Nairobi na ushaanza kuuliza utampata wapi: pole. Nyoka wa porini wa Kenya wanalindwa na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 na huwezi kuwafuga tu bila kibali cha KWS. Chatu mpira naye si wa hapa, lakini yuko kwenye Kiambatisho II cha CITES, kwa hivyo kumvusha mpaka ni makaratasi juu ya makaratasi. Kama unadhani serikali haina wakati na vitu vidogo, kumbuka Mei 2025 mahakama ya JKIA iliwapiga watu wanne faini ya milioni moja kila mmoja, na walikuwa wamepatikana na siafu. Siafu! Haya maneno basi ni ya wasee wetu wa majuu, Marekani na Uingereza hasa, mahali ambapo huyu nyoka anauzwa kama vile sisi huuziwa sungura.

Huyu nyoka ni nani

Jina lake la kisayansi ni Python regius. Wamarekani wanamuita ball python kwa sababu akiogopa hajaribu kukuuma, anajikunja akawa mpira na kichwa kinafichwa katikati. Waingereza wanamuita chatu wa kifalme. Kwao ni Afrika Magharibi na ya Kati, kuanzia Senegal hadi huku Uganda. Pale Ouidah, Benin, kuna hekalu la chatu, na ni hawa hawa. Huko ni watakatifu, akiingia kwa nyumba ya mtu hafukuzwi na fimbo.

Hana sumu. Jike mzima hufika mita 1.2 hadi 1.5, dume huwa mfupi zaidi. Ukilinganisha na chatu wetu wa Afrika anayeweza kumeza swara, huyu ni mtoto wa chekechea. Ndiyo maana anapendwa na watu wanaoanza.

Porini yeye ni wa kahawia na meusi, basi. Lakini kwa miaka mingi Ghana, Togo na Benin zimekuwa zikisafirisha chatu hawa kwa maelfu kwenda Marekani na Ulaya, na kwa maelfu hukosi mmoja wa ajabu. Mmarekani Bob Clark alizalisha albino wa kwanza kizuizini mwaka wa 1992. Mwaka wa 1997 Peter Kahl akafaulu na Piebald, yule mwenye mabaka meupe kabisa ni kama rangi iliisha katikati ya kazi. Wakati huo nyoka mmoja wa hivyo alikuwa bei ya gari. Wasee wakaona doo, wakaanza kuchanganya. Leo kuna maelfu ya michanganyiko, na kila moja inaitwa mofu. Bei nazo zimeshuka: wa kawaida ni dola makumi, Piebald ni mamia.

Jeni, kwa lugha ya mtaa

Mimi niliwacha chuo semesta ya tatu, kwa hivyo nitakueleza vile mimi ningetaka kuelezewa. Kila nyoka ana nakala mbili za kila jeni, moja ya mathe na moja ya budake.

Kuna jeni za kujificha. Albino, Piebald na Clown ziko hapa. Rangi haionekani mpaka nyoka apate nakala mbili. Akiwa na moja tu, anakaa kahawia kama wengine lakini amebeba. Huyo anaitwa "het." Utakutana na bango limeandikwa "66% het albino" na uone kama nyoka amefaulu mtihani. Maana yake ni rahisi: wazazi wote wawili walikuwa wamebeba. Kwa watoto wanne, kwa wastani, mmoja anatoka albino, wawili wanabeba, mmoja hana kitu. Wale watatu wa kahawia huwezi kuwatofautisha kwa macho, na wawili kati ya watatu ndio hiyo 66%. Kama hauna mpango wa kuzalisha, hiyo het haikuhusu. Usiongeze hata dola tano juu yake.

Halafu kuna zile ambazo nakala moja inatosha kuonekana, na ukiweka mbili rangi inabadilika zaidi. Hapo ndipo unasikia "Super." Pastel ana nakala moja, Super Pastel ana mbili. Mojave mmoja ni wa kahawia mtamu, Super Mojave ni mweupe na macho ya buluu.

Sasa shida. Jeni haijui kazi yake ni rangi tu. Nyingine inagusa rangi na pia inagusa sikio la ndani.

Spider: mrembo asiyejua juu ni wapi

Spider ndiye cuzo aliuziwa, akiwa amechanganywa na Pastel. Huo mchanganyiko unaitwa Bumblebee. Spider wote waliopo wanatokana na nyoka mmoja aliyeletwa Marekani kutoka Afrika mwaka wa 1999, na wote wamerithi kutikisika kwa kichwa. Wengine kidogo, wengine sana. Muuzaji atakuambia "laini yangu iko safi." Hakuna laini safi. Ni jeni yenyewe.

Kwa muda mrefu watu walibishana kama ni ubongo ama ni nini. Mwaka wa 2022 watafiti wa Ujerumani waliwapiga picha za eksirei za hali ya juu na wakakuta sehemu za sikio la ndani, zile zinazomwambia mnyama juu ni wapi na chini ni wapi, zimeumbika vibaya. Ndiyo maana akisisimka, kama wakati wa kula, kichwa kinapotea. Wafugaji wengi wanaamini pia kwamba nakala mbili zinaua kiinitete ndani ya yai, na ndiyo sababu huoni Super Spider akiuzwa. Chama cha International Herpetological Society cha Uingereza kilikataza Spider kuuzwa kwenye maonyesho yake.

Ujanja wa soko ni majina. Neno Spider linaweza kukosekana kabisa kwa bango. Ukiona "Bee" mahali popote kwa jina, Bumblebee, Killer Bee, Honey Bee, jua Spider ako ndani. Spinner pia. Kwa hivyo usiulize "huyu anaitwaje?" Uliza "ana jeni gani, moja moja?" Mfugaji wa ukweli atakutajia bila kusita. Akianza kuzungukazunguka, toka hapo.

Spider hayuko peke yake. Champagne, Woma na Hidden Gene Woma pia hutikisika. Super Cinnamon na Super Black Pastel wanaweza kuzaliwa na mdomo wa bata au uti wa mgongo uliopinda. Caramel Albino ana historia ya mgongo kupinda. Desert jike anaonekana fiti kabisa, lakini kumzalisha kunaweza kumuua kwa sababu mayai hukwama.

Kuna watu wanawafuga hao wote na wanawapenda, na sitakuja kwako kukutukana. Lakini kwa nyoka wa kwanza? Wewe bado hujui nyoka mzima anatembea vipi. Utajuaje huyu amezidiwa ama ni kawaida yake? Ni kama kupanda nganya ya Rongai juu ya graffiti na muziki, halafu breki uulize mkiwa kwa mteremko.

Basi uchukue yupi?

Kama ni mimi, ningeanza na Normal, yule wa kahawia wa Mungu. Watu wanamdharau kwa sababu ni rahisi, lakini mwangalie vizuri kwa jua, ile dhahabu ya mbavuni si mchezo. Ukitaka rangi kidogo, Pastel, Enchi, Yellowbelly na Mojave ni salama na hawachomi mfuko. Ulipenda mistari myembamba ya Spider? Mwangalie Pinstripe, ana mistari ya kushinda hiyo na kichwa kimetulia. Albino naye hana neno, ila macho yake hayapendi mwanga mkali, kwa hivyo mpatie maficho ya kutosha.

Kitu kingine watu hawaambiwi: rangi ya mtoto si rangi ya mtu mzima. Pastel mdogo huwaka manjano, akikua anafifia kuelekea kahawia. Banana huanza safi halafu madoadoa meusi yanamjaa mwilini mwaka baada ya mwaka kama ndizi iliyoachwa kwa kabati. Kabla ulipe, mwambie muuzaji akuonyeshe wazazi.

Na mofu haibadilishi tabia wala mahitaji. Mweupe wa macho ya buluu na wa kahawia wanataka kitu kile kile: kizimba chenye urefu wa kama sentimita 120, upande mmoja joto la nyuzi 31 hadi 33, upande mwingine 24 hadi 27, unyevu wa asilimia 60 hadi 80, mapango mawili ya kujificha, na themostati. Hiyo themostati si ya hiari, kifaa cha joto bila hiyo kitamchoma nyoka akiwa amelala juu yake. Ukijumlisha, nyumba itakugharimu kuliko nyoka. Ndiyo sababu nyingine ya kutomaliza ganji yote kwa rangi.

Ukiwa mbele ya meza ya muuzaji

Mchukue mkononi. Mwache atambae kutoka mkono mmoja hadi mwingine, polepole, kisha mweke mahali tambarare. Kichwa kinafaa kukaa sawa na ulimi utoke kuonja hewa. Kikitetemeka, kikiegemea upande ama kikiangalia juu tu, mrudishe hata kama mtoi analia.

Angalia kuzunguka macho na chini ya kidevu. Vidoti vyeusi kama pilipili manga vinavyotembea ni utitiri, na utahama nao hadi nyumbani. Mapovu mdomoni ama kupumua kwa kelele ni mapafu. Mwili uwe wa duara. Ukihisi mgongo umechongoka kama paa la nyumba, ana njaa ya siku nyingi.

Kisha uliza kuhusu chakula, na hapa usione haya. Amekula mara ngapi? Anakula panya hai ama wa friza? Chatu mpira ni bingwa wa kugoma kula. Mzima mwenye afya anaweza kukaa miezi bila kula na asiwe na shida, lakini mdogo ambaye hajawahi kushika chakula vizuri ni presha utanunua kwa pesa yako. Chukua aliyezaliwa kizuizini na tayari anakula wa friza. Aliyetolewa porini huja na kupe, minyoo na hasira ya kutekwa.

Na mkimaliza kumshika, nawa mikono. Reptilia hubeba salmonela, na watoto wa chini ya miaka mitano wasimshike kabisa.

Halafu fanya hesabu ya miaka. Huyu si samaki wa wiki mbili. Miaka 20 hadi 30 ni kawaida yake akitunzwa. Pale Saint Louis Zoo, Marekani, kuna jike aliyekadiriwa kuwa na angalau miaka 62 alipotaga mayai saba mwaka wa 2020, na alikuwa hajakaa karibu na dume kwa zaidi ya miaka 15. Mtoi wa miaka tisa anayemlilia leo atamaliza shule, atahama, ataoa, na nyoka atabaki sebuleni na wewe.

Cuzo hakumrudisha. Alipiga simu, muuzaji akasema hiyo ni kawaida ya Spider, kila mtu anajua. Kwa hivyo wakatoa matawi yote marefu asianguke, wakamwacha kizimba cha chini, na wakaacha kumpatia panya wanaotembea. Walimpa jina Mugithi, juu ya vile anacheza shingo. Kila baada ya siku kumi mtoi anatoa panya kwa friza, anamyeyusha, anamshika na koleo na kumsogeza karibu na mdomo wa Mugithi, halafu anangoja. Siku zingine anashika mara ya kwanza.