Jina la Ubatizoni na Jina la Nyumbani: Habari za Koo za Kireno Zilizositiri Asili Yao

Wahenga walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Methali hii huwakemea wale waachao mila za wazee wao kwa hiari, kwa tamaa ya vya watu. Lakini yuko mtu mwingine ambaye methali hii haikumtaja: yule aliyenyang'anywa asili yake kwa nguvu, akapewa jina jipya hadharani, na la zamani akabaki nalo moyoni. Je, huyo naye tumwite mtumwa? Swali hilo ndilo litakalotuongoza katika makala haya, tukichungua habari za koo za Kireno zilizoishi vizazi kwa vizazi zikiwa na majina mawili, kisha zikahamia ng'ambo na siri yao.

Mwaka 1492 wafalme wa Hispania waliwafukuza Mayahudi katika nchi yao. Maelfu walivuka mpaka wakaingia Ureno, nao walitozwa fedha ili wapokewe. Miaka michache baadaye Mfalme Manuel I wa Ureno alitaka kumwoa binti wa wafalme hao wa Hispania, akawekewa sharti kwamba naye awafukuze Mayahudi. Amri ikatolewa Desemba 1496. Hata hivyo, mfalme hakupenda kupoteza watu wake hodari katika biashara, uganga na ufundi. Akatafuta hila. Katika majira ya Pasaka ya mwaka 1497 watoto wa Mayahudi walinyakuliwa mikononi mwa wazazi wao wakabatizwa. Na baadaye wazee wao, waliokusanyika Lisbon wakingojea merikebu za kuwaondoa, wakabatizwa pia bila ya kutaka. Yafaa msomaji akumbuke kwamba ni mwaka huohuo, mwezi Julai, Vasco da Gama alipong'oa nanga Lisbon, na kufika Mombasa na Malindi Aprili 1498. Mfalme aliyeamrisha ubatizo ule ndiye aliyezituma merikebu zile katika pwani yetu.

Aliyebatizwa hakuruhusiwa kubaki na jina lake. Alipewa jina la mtakatifu, na jina la ukoo aghalabu lilikuwa la msimamizi wake wa ubatizo, au jina lolote lililozoeleka nchini: Lopes, Mendes, Nunes, Henriques, Pereira. Mfano mmoja ulitokea katika safari hiyohiyo ya da Gama. Mwaka 1498, kwenye kisiwa cha Anjediva karibu na Goa, Wareno walimkamata Myahudi mmoja aliyekuwa akimtumikia mtawala wa huko. Walimtesa, wakambatiza, na tangu hapo akaitwa Gaspar da Gama. Hivyo mateka alichukua ukoo wa aliyemteka. Mtu asomaye jina hilo tu angedhani kwamba Gaspar ni nduguye Vasco.

Watu waliobatizwa kwa nguvu, na watoto wao, na wajukuu wao, waliitwa Wakristo Wapya. Jina la zamani lilikuwa limefutwa, lakini doa lilibaki palepale. Mwaka 1506 wengi wao waliuawa na umati wa watu katika mitaa ya Lisbon. Mwaka 1536 likaundwa Baraza la Uchunguzi wa Imani, na mwaka 1540 Lisbon ikashuhudia hadhara ya kwanza ya hukumu zake. Kuvaa nguo safi siku ya Jumamosi, kuikataa nyama ya nguruwe, au kufunga siku isiyo ya mfungo wa Kanisa, kulitosha kumpeleka mtu gerezani. Mtumishi aliweza kumshtaki bwana wake, na ndugu akamshtaki nduguye. Ndiyo sababu katika nyumba nyingi watoto walilelewa kama Wakristo wengine, na siri ya ukoo wakaambiwa tu walipofikia umri wa kuweza kuufunga mdomo. Tofauti ya kisheria baina ya Wakristo Wapya na wa Zamani haikuondolewa hadi mwaka 1773, na Baraza lenyewe lilivunjwa mwaka 1821.

Waliopata njia walihama. Wengi walikwenda Uholanzi, Italia na dola ya Waturuki. Huko baadhi yao waliyafufua majina ya wazee wao. Beatriz de Luna, mjane tajiri aliyezaliwa Lisbon mnamo mwaka 1510, alifika Istanbul mwaka 1553, na anakumbukwa katika historia kwa jina la Gracia Nasi. Mpwa wake João Miques akawa Joseph Nasi, aliyepewa na Sultani cheo cha mtawala wa Naxos. Amsterdam nako mfanyabiashara aliweza kuwa na jina la Kiebrania katika sinagogi na jina la Kireno katika hati za biashara. Pengine alitumia jina la tatu katika barua zilizokwenda Ureno, ili jamaa zake waliobaki huko wasije wakadhurika. Hata mwanafalsafa Spinoza, aliyezaliwa mjini humo mwaka 1632 katika ukoo wa wahamiaji hao, alijulikana kwa majina matatu: Baruch, Bento na Benedictus. Yote matatu yana maana moja: aliyebarikiwa.

Wengine walivuka bahari ya Atlantiki. Waholanzi walipoitawala Recife, nchini Brazili, kuanzia mwaka 1630, Mayahudi wa Kireno waliabudu humo waziwazi. Wareno walipourudisha mji huo mikononi mwao mwaka 1654, ikawabidi wahame tena, na katika mwaka huo wakimbizi 23 walifika katika mji ambao leo ni New York. Karibu miaka mia moja baadaye, mwaka 1752, kijana mmoja wa Lisbon, Duarte Lopez, alitua Newport pamoja na mkewe Ana. Huko alitahiriwa akaitwa Aaron. Mkewe akaitwa Abigail. Wakafunga ndoa upya kwa desturi ya wazee wao. Aaron Lopez akawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa mji ule. Lakini sisi Waafrika hatuna budi kulitaja na la pili: baadhi ya merikebu zake zilichukua watumwa kutoka Afrika, watu ambao nao walinyang'anywa majina yao kama wazee wake walivyonyang'anywa ya kwao. Kuonewa hakumfundishi mtu haki kwa lazima.

Na waliobaki Ureno je? Mwaka 1917 mhandisi wa migodi kutoka Poland, Samuel Schwarz, alifika Belmonte, mji mdogo wa milimani. Akakuta jamaa za watu waliokuwa wakisali kwa siri, na walinzi wa sala hizo walikuwa wanawake wazee. Hawakusadiki kwamba kuna Mayahudi wanaoishi waziwazi duniani, wala hawakuamini kwamba mgeni yule ni mwenzao. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba walimkubali alipotamka sala ya Kiebrania, wakalisikia neno Adonai, yaani Bwana. Lugha yote ilikuwa imepotea, neno hilo likabaki. Katika mwaka 1996 watu wa Belmonte walifungua sinagogi yao hadharani, baada ya karibu miaka 500 ya kujificha.

Katika karne ya 19 na ya 20 wimbi jingine la wahamiaji lilitoka Ureno, hasa visiwa vya Azores na Madeira, likaelekea Marekani na Hawaii. Hawa walikuwa Wakatoliki, wavuvi, wakulima na vibarua wa mashamba ya miwa. Nao pia walibadili majina, ila kwa sababu nyingine: Rodrigues akawa Rogers, Pereira akawa Perry, Oliveira akawa Oliver. Husemwa mara nyingi kwamba makarani wa bandarini ndio waliowabadilishia. Sivyo, orodha za abiria ziliandikwa kule merikebu zilikotoka. Waliobadili ni walimu wa shule, waajiri, na aghalabu wahamiaji wenyewe, waliochoka kudharauliwa.

Kwa hiyo mjukuu wa leo atafutaye asili ya ukoo wake aweza kukuta pazia nyuma ya pazia: nyuma ya Perry yuko Pereira, na nyuma ya Pereira pengine yuko mtu aliyebatizwa kwa nguvu mwaka 1497. Hapa inafaa kutahadhari. Wapo wasemao kwamba jina la Kireno lenye maana ya mti, kama Pereira au Oliveira, ni ushahidi wa asili ya Kiyahudi. Si kweli. Majina hayo yalikuwa ya Wakristo wa Zamani kabla ya kupewa Wakristo Wapya, na ndiyo maana yalifaa kumfichia mtu. Sisi wa Afrika Mashariki tunao mfano wa karibu. Wagoa waliokaa Unguja, Mombasa na Dar es Salaam huitwa de Souza, Fernandes au Pereira, ilhali wengi wao ni uzao wa Wahindi waliobatizwa na Wareno na kupewa koo za mapadri na wasimamizi wao. Jina hueleza ni nani aliyetawala. Halielezi daima ni nani aliyezaa.

Ushahidi ulio imara zaidi upo katika nyaraka za Baraza lenyewe, ambazo zimehifadhiwa Lisbon. Mafaili ya kesi ni kama 40,000. Kila mshtakiwa aliulizwa majina ya wazazi, mababu, wajomba na shangazi zake, na karani akayaandika. Waliokusudia kuifuta asili ya watu ndio walioitunza katika karatasi.

Pwani yetu nayo ina kisa chake. Yusuf bin Hasan, mwana wa mfalme wa Mombasa aliyeuawa kwa hila ya Wareno, alipelekwa Goa angali mtoto, akabatizwa Dom Jerónimo Chingulia. Mwaka 1626 alirudishwa atawale kwa jina hilo. Inasimuliwa kwamba alionekana usiku akisali Kiislamu kwenye kaburi la babake. Agosti 1631 aliiteka Ngome ya Yesu, akalirudia jina lake, na damu nyingi ikamwagika.

Turudi basi kwenye methali yetu. Wanawake wa Belmonte waliitwa kwa majina ya ubatizo maisha yao yote, wala hawakuwa watumwa, kwa kuwa walilinda neno moja. Mtumwa ni yule aliyesahau kwamba ana jambo la kukumbuka. Mzee asiyewasimulia wajukuu wake walikotoka huwaachia kazi hiyo makarani wa watawala.