Pudini ya kakao isiyo na jelatini

Nilipokuwa Busia kwa dadangu, wanawe walinijia na pakiti ya pudini ya chokoleti iliyonunuliwa sokoni. Nikasoma nyuma: jelatini, bila kutajwa ya mnyama gani. Halali haibahatishwi. Nikaiweka kando, watoto wakanuna, ikabidi niwapikie nyingine.

Kwa watoto wanne: maziwa nusu lita, vijiko vikubwa 4 vya sukari, 3 vya konfulawa, 2 vya unga wa kakao, na iliki kidogo. Konfulawa ni ule wanga mweupe wa mahindi, si unga wa sima. Hiyo ndiyo inayogandisha, kwa hivyo jelatini haihitajiki kabisa.

Uganda yenyewe yalima kakao, hasa Bundibugyo, na shehena zake nyingi za ng'ambo hupita hapo Malaba zikiteremka bandarini kwetu Mombasa. Mkebe nilioupata dukani, lakini, ulitoka Ulaya!

Vuruga vitu vikavu vyote kwa maziwa baridi, kikombe kidogo, mpaka vilainike. Konfulawa ikitiwa kavu kwenye maziwa moto huiva nje, ndani ikabaki unga. Hayo ndiyo madonge. Chemsha maziwa yaliyobaki, punguza moto, mimina ule mchanganyiko polepole huku wakoroga. Ikitokota kwa mapovu mazito, endelea dakika 2. Ukiipua mapema itakuwa na ladha ya unga mbichi. Mimina vibakulini ipoe.

Yule mdogo hakungoja ipoe. Alikomba sufuria.