Mlima wa kwenda na kurudi siku moja: historia ya njia ya Kibati



Wakati kambi ya Kanyaruchinya ilikuwa bado imejaa watu, baba mmoja aliyekimbia vita kutoka Rutshuru aliniuliza swali ambalo sikulitarajia. Watoto wake waliamka kila asubuhi wakitazama mlima Nyiragongo, na kila asubuhi walimuuliza: baba, tutapanda lini? Alitaka kujua kama kuna mlima mfupi, usio mgumu sana, ambao mtu anaweza kupanda asubuhi na kurudi kabla ya jua kuzama. «Si kwa kutafuta kuni,» aliniambia. «Kutembea tu.»

Nilimpa jibu fupi siku ile. Jibu refu liko katika historia ya mlima wenyewe, na ndilo ninalowaletea leo.

Tuanze na vipimo, kwa sababu hapo ndipo wengi wanadanganyika. Nyiragongo una kimo cha mita 3,470. Mji wa Goma uko kwenye mita 1,500 hivi. Njia ya kupanda inaanzia Kibati, kando ya barabara ya Rutshuru, karibu na mita 2,000. Kutoka pale hadi ukingo wa shimo la moto ni kilometa 8 hivi tu. Kilometa 8 ni nini kwa mama ambaye kila siku anatembea na bidoni ya maji mgongoni? Lakini katika kilometa hizo unapanda karibu mita 1,500, na mtu mwenye afya anatumia muda wa saa nne hadi sita kufika juu. Ndiyo maana wageni waliokuwa wakiupanda walilala kwenye vibanda vilivyojengwa ukingoni, wakashuka kesho yake. Ukiupanda wote, Nyiragongo si mlima wa siku moja, na kwa mtoto kabisa sivyo.

Wazee wetu walilijua hilo. Waliingia msituni kutafuta asali, nyama na miti, wakarudi. Katika imani za kale za pande hizi, kule juu kwenye moto palikuwa makao ya roho za wafu. Mtu hakuwa na sababu ya kwenda kusimama ukingoni. Alifika pale kazi yake ilipoishia, akageuka.

Mwaka 1894 alifika Mjerumani mmoja, Gustav Adolf von Götzen. Alikuwa ameondoka Pangani, pwani ya Tanzania ya leo, mwishoni mwa 1893, pamoja na mamia ya wapagazi. Alipanda Nyiragongo, na vitabu vinaandika kwamba ndiye Mzungu wa kwanza kuufikia. Jina lake limebaki. Majina ya waliombebea mizigo kutoka baharini mpaka Kivu hayakuandikwa kwa namna hiyo, ingawa wao pia walikuja kwa miguu, tena na mzigo kichwani. Wao hawakuwa na ruhusa ya kusema: mimi nageukia hapa.

Mwaka 1925 utawala wa Wabelgiji ulianzisha mbuga ya Albert, inayohesabiwa kuwa mbuga ya taifa ya kwanza barani Afrika. Mipaka yake ilipanuliwa katika miaka iliyofuata, hata mlima wetu ukawa ndani. Tangu hapo, mtu aliyekuwa akiingia kufuata asali akawa mvunja sheria, na mgeni aliyekuja kutazama akawa mwenye haki ya kupita. Mwaka 1969 mbuga ikapewa jina la Virunga, na mwaka 1979 ikaandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia. Ugomvi wa mipaka kati ya mbuga na wakulima haujaisha mpaka leo. Walinzi wa mbuga zaidi ya 200 wamepoteza maisha kazini katika historia yake. Na wanawake wengi waliokimbia vita wameingia msitu huo huo kutafuta kuni, wakijua kwamba huenda wasirudi salama.

Mwaka 1948 mtaalamu wa volkano Haroun Tazieff alishuka ndani ya shimo, akaleta habari za ziwa la moto linalochemka humo. Watu wa mataifa wakaanza kuusikia mlima huu. Sisi wa chini tulikuja kulifahamu ziwa hilo kwa njia nyingine.

Tarehe 10 Januari 1977 ubavu wa mlima ulipasuka, na ziwa zima likamwagika kwa muda usiofika saa moja. Moto ulikimbia kuliko mtu, na vijiji viliteketea. Tarehe 17 Januari 2002 nyufa zilifunguka tena, kuanzia karibu na Shaheru zikishuka kuelekea mji. Moto ulipita katikati ya Goma, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukaingia ziwani Kivu. Watu mamia ya maelfu walivuka kwenda Gisenyi, nchini Rwanda, na wengi wakaanza kurudi siku chache baadaye, mawe yakiwa bado moto. Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, jioni, ilikuwa zamu ya Buhene. Barabara ya Rutshuru ilikatwa, nyumba zikaliwa, na moto ukasimama karibu na uwanja wa ndege. Siku tano baadaye amri ikatoka kwamba sehemu kubwa ya mji ihame, na barabara ya Sake ikajaa watu, magodoro na mbuzi.

Nimelitaja jina la Shaheru kwa makusudi, kwa sababu ndilo jibu nililompa yule baba. Shaheru ni shimo la volkano ya zamani iliyozimika, ubavuni mwa Nyiragongo upande wa kusini, kwenye mita 2,800 hivi. Njia ya Kibati inapita karibu yake. Ukifika pale umepanda zaidi ya nusu ya kimo chote, umepita msitu, umeona kwa macho yako ufa uliotutoa majumbani mwaka 2002. Mbele ya hapo kupanda kunakuwa kukali, mawe yanateleza na baridi inazidi. Mtu mzima au kijana mwenye nguvu anaweza kuanza mapema, akafika Shaheru, akala alichobeba, akashuka na mwanga wa jua. Kwa watoto wadogo nilimtajia kilima cha Goma, kile kilicho ndani ya mji na kinachotazama ziwa. Nacho kimezaliwa na volkano, na hakichoshi miguu midogo.

Lakini kabla ya mlima wowote, mfupi au mrefu, kuna mambo ambayo historia hii inatufundisha kuuliza.

La kwanza, nani anashika mahali pale leo? Wenye silaha hupenda mahali pa juu. Mwezi wa tano 2018 mlinzi mmoja wa mbuga aliuawa na wageni wakatekwa, na mbuga ikafungwa kwa wageni mpaka mwanzoni mwa 2019. Nyiragongo haupandwi bila walinzi wa mbuga. Hata kwa kilima cha mjini, muulize kwanza chefu wa kata au wa nyumba kumi. Akisita kujibu, hilo ni jibu.

La pili, maji. Udongo wetu wa volkano unameza mvua yote, na njiani hakuna kijito. Beba maji kutoka chini.

La tatu, mazuku. Wenyeji wanaijua hewa hiyo nzito isiyo na rangi, inayolala mabondeni na mashimoni upande wa ziwa, hasa alfajiri pasipo upepo. Imeua watu na mifugo. Usiruhusu mtoto ashuke kwenye shimo kufuata mpira au mbuzi. Ukiona ndege au panya wamekufa mahali pamoja, ondoka.

La nne, saa. Mvua za huku hupenda mchana. Saa sita ikifika, geuka, hata kama kilele kinaonekana karibu. Kilele hakikuhesabii deni.

Na hapo ndipo naona tofauti kubwa. Sisi wa Kivu tumetembea sana. Tumetembea 1977, 2002, 2021, na mara nyingi kwa sababu ya vita, tukiwa na watoto mgongoni. Katika safari zote hizo, hakuna aliyetuuliza tunataka kugeukia wapi. Matembezi ni kitu kingine: ni safari ambayo wewe mwenyewe unaamua mahali pa kugeuka, na unajua kwamba pale ulipotoka pangali pako. Yule baba hakuwa anaomba starehe ya wageni. Alitaka watoto wake wapande mara moja bila kukimbia kitu, na washuke bila mzigo wa kuni.

Mwanzoni mwa 2025 kambi za kando ya Goma zilivunjwa na watu wakatawanyika. Sijamwona tena. Kama ananisoma, au kama kuna anayemsomea, jibu langu ni lile lile. Nyiragongo wote ni mrefu mno kwa siku moja, Shaheru inawatosha wakubwa, na kilima cha Goma kinawatosha wadogo. Ngoja siku ya amani, uliza kwanza, ondoka asubuhi. Mlima haujahama.