Machozi bandia yanavyowafaa wenye macho makavu

PEPO za kaskazi zinapovuma katika Pwani ya Kenya, kuanzia Desemba hadi Machi, mvua hukatika na jua huwaka kwa ukali. Wavuvi wa Ngomeni, wafanyakazi wa mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, na waendeshaji bodaboda wa Malindi na Kilifi hushinda wakikabili upepo, vumbi na mng'ao wa maji. Hali hizo huchochea ukavu wa macho, maradhi yanayowapata zaidi wazee, wanawake waliokoma hedhi, wenye kisukari na wanaotazama kompyuta kwa muda mrefu.

Machozi si maji matupu. Utando wake una ute unaoshikamana na jicho, maji yanayolilisha na kulisafisha, na mafuta ya tezi za kope yanayozuia maji yasikauke upesi. Sehemu moja ikipungua, utando hukatika na uso wa jicho hubaki wazi.

Mgonjwa huhisi kana kwamba ana mchanga jichoni. Macho humwasha, huwa mekundu na kuona hufifia, kisha humrudia anapopepesa. Ajabu ni kwamba wengine hutokwa na machozi mengi, kwa kuwa jicho lililokereketwa humwaga maji yasiyo na mafuta ya kutosha.

Hapo ndipo machozi bandia husaidia. Matone hayo huwa na maji, chumvi kidogo na kitu cha kuyafanya mazito, kama vile haipromelosi au kaboksimethili selulosi, ili yakae jichoni na kupunguza msuguano wa kope. Hayaondoi chanzo cha maradhi, hivyo wengi huhitaji kuyatumia kila siku. Anayeyatia zaidi ya mara nne kwa siku hushauriwa kutumia yasiyo na kihifadhi, kwani kemikali hiyo huweza kulidhuru jicho.

Hatari ni kununua tone lolote dukani. Matone yenye steroidi, yakitumiwa bila daktari, huweza kuongeza presha ya jicho na kusababisha mtoto wa jicho. Yale ya kuondoa wekundu hubana tu mishipa ya damu, na wekundu huweza kurudi. Maziwa ya mama, mate na dawa za majani zisitiwe jichoni, kwani huweza kuleta viini.

Usafi nao ni muhimu. Kati ya mwaka 2022 na 2023 nchini Marekani, bakteria sugu waliohusishwa na machozi bandia yaliyotengenezwa India waliwaambukiza watu 81. Wanne walifariki na 14 walipoteza uwezo wa kuona.

Kabla ya kutia dawa, mgonjwa anawe mikono, avute kope ya chini, atie tone moja na kufumba jicho kwa dakika moja. Ncha ya chupa isiguse jicho, wala chupa isitumiwe na watu wawili. Chupa nyingi zenye kihifadhi hutupwa siku 28 baada ya kufunguliwa; maelezo ya pakiti yafuatwe.

Miwani ya jua, kofia pana na kupepesa mara kwa mara pia huleta nafuu. Lakini mwenye maumivu makali, usaha, kuona kunakopungua au kushindwa kustahimili mwanga asingoje matone yafanye kazi. Afike hospitalini siku hiyo hiyo, kwani kidonda cha jicho huweza kumpofusha.